Mto wa Zambarau Chini ya Goti

Mkuu wa shule yenu ya uuguzi amenisihi niwape maneno ya kutia moyo. Nimemwitikia, kwa sababu alikuwa amekwisha kunipa kiti na soda baridi, lakini maneno hayo sinayo. Juzi nilipita wodini kwenu kumsalimu jirani yangu, nikamwona mmoja wenu, blauzi nyeupe imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, anamlisha uji mzee mwenye mikono miwili mizima. Mzee anafungua mdomo kama kifaranga. Mkono mmoja wa binti umeshika kijiko, mwingine umeshika simu.

Nikamuuliza, "Mikono ya huyu papa iko na nini?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Haina kintu, mama. Ni juu akikula yeye mwenyewe anakawia sana."

Anakawia! Sasa ana safari gani huyo mzee? Ana ndege ya kuwahi? Mwacheni akawie. Amwage uji kifuani, ajifute, amwage tena, akasirike, aombe kijiko kikubwa zaidi. Kesho kutwa mtamrudisha kwake Kamalondo, na kule hakuna binti mwenye blauzi nyeupe. Kuna mke mwenye kisukari na wajukuu wanaokimbia huku na huku.

Mimi ni Séraphine. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa hapa Lubumbashi mpaka magoti yangu mwenyewe yakanikatalia ngazi. Wagonjwa wangu walikuwa watu waliovunjika, waliopooza, waliokatwa. Daktari alikuwa ameshamaliza kazi yake kwao, kifo kilikuwa kimeshawaacha, na sasa walibaki na swali moja tu: nitarudi kuwa mtu, au nitakuwa mzigo? Wengi wenu mnadhani swali hilo linajibiwa na kiné, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwamba kazi yenu ninyi ni sindano, kipimajoto na kuandika. Ndiyo maana nimekubali kuja, magoti haya yakiniuma hivi.

Kiné wetu alikuwa Papa Mwansa, mtu mrefu, suruali zake fupi siku zote, na kinywani peremende. Alikuja asubuhi, akaukunja mguu wa mgonjwa, akaunyoosha, mgonjwa akatokwa jasho, akaenda wodi nyingine. Siku zangu za kwanza aliniambia, "Séraphine, mimi nafundishaka muguu asubui. Kama weye unaacha muguu inalala mpaka kesho, kesho nakuta imesahau yote. Na mimi nasahau kukusalimia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akimkuta mgonjwa amerudi nyuma, alikuwa anakupita koridoni kama vile anapita mlango.

Nilikuwa na mwenzangu pia, Alphonsine, ambaye familia zote zilimsifu. Alikuwa na haraka na alikuwa na huruma, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya muuguzi mmoja, mgonjwa amekwisha. Aliwaogesha wote, akawachana nywele, akawafunga vifungo vya shati. Walitoka mikononi mwake wananukia vizuri na hawajui kufunga kifungo. Mwalimu mmoja siku anaruhusiwa kurudi nyumbani, mke wake alimpa mkoba amshikie kidogo, na yule bwana akautazama mkono wake mwenyewe kama anautazama mkono wa jirani. Alphonsine akalia kwa uchungu. Kisha akamfungia koti.

Basi nitawasimulia habari ya Mama Masika, na mziweke hizo simu chini.

Mama Masika alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, amekuja Lubumbashi zamani na biashara ya jumla. Nyumba yake iko mtaa wa Golf, ghala lake liko Ruashi, na malori yake yalikuwa yanaleta samaki wakavu kutoka Kilwa, kule ziwani Mweru. Barabara ya Kilwa mnaijua au mmeisikia: shimo likiisha linaanza lingine. Pamoja na utajiri wake wote alikuwa anapanda mwenyewe pamoja na madereva, kwa sababu hakuamini jicho la mtu mwingine katika kuchagua samaki. Msimu mmoja wa mvua lori likateleza, likalala ubavu, na mguu wake ukabaki chini. Mpaka wamfikishe kwetu, mguu ulikuwa umekufa.

Daktari wa upasuaji aliukata chini ya goti. Angeweza kukata juu, ingekuwa rahisi zaidi, lakini alilipigania lile goti mpaka likabaki. Alitoka ndani amelowa jasho, akaniambia, "Séraphine, goti nimekuachia. Sasa usinipotezee."

Mtu akibaki na goti lake, na goti hilo linanyooka, atavaa mguu wa bandia na atatembea. Goti likikunjika likakaa hivyo, mguu wa bandia utaning'inia ukutani kama kalenda. Na hakuna kinacholikunja goti haraka kama mto. Unauweka chini ya kisiki, yaani kipande cha mguu kilichobaki, mgonjwa anapumua, maumivu yanapungua, kila mtu anakushukuru. Wakati huo misuli ya nyuma ya goti inafupika kimya kimya. Yenyewe haijui kwamba ulifanya kwa upendo.

Mama Masika alikuwa na mdogo wake, Paluku, mtu mpole, sauti ya chini, ananukia sabuni. Ndiye aliyekuwa akimlinda pale hospitali, maana kwetu mgonjwa halali peke yake: ndugu wapo uani wanapika bukari, ugali wetu, wanafua, wanasubiri. Siku ya kwanza tu Paluku alileta mto kutoka sebule ya Golf, mto wa velveti ya zambarau wenye vishada pembeni, akauweka chini ya kisiki cha dada yake. Nikautoa. Jioni nikakuta mwingine. Nikautoa. Kesho yake wa tatu. Mlinzi wa lango la hospitali, niliyekuwa nikimpelekea mito hiyo, hajawahi kulala vizuri kama mwezi ule.

"Mama infirmière," Paluku akaniambia, maana dada yake mkubwa alimwita yaya, "yaya analia, muguu inamuuma. Muto njo inamutuliza."

"Inamutuliza leo. Kesho goti haitanyooka tena."

"Mweye bantu ba hopitali muko na roho nguvu."

"Roho ya kulegea iko mingi kule inje," nikamwambia, "inapika bukari. Huku ndani tulishakuwa nayo ya kutosha."

Wakaja pia wanawake wa kanisa la Mama Masika. Wakazunguka kitanda, wakaimba, wakalia, wakaanza kumweleza mtu aliyelala mbele yao: alikuwa mwanamke wa nguvu, alikuwa anasaidia wajane, alikuwa hivi, alikuwa vile. Nikasimama mlangoni nikauliza, "Samahani, alikufa saa ngapi? Nilimupa dawa sasa hivi." Wakaniangalia vibaya. Mmoja akasema nina pepo la majivuno. Nikawatoa wote, pamoja na pepo langu.

Lakini msidhani Mama Masika mwenyewe alikuwa upande wangu. Huo ni uongo mnaosoma katika vitabu vyenu, kwamba mgonjwa anataka kupona na muuguzi anamsaidia. Mama Masika aligeukia ukuta. Alikuwa anataka mto. Alikuwa anataka kuletewa, kuogeshwa, kufunikwa. Mwanamke aliyekuwa anapiga kelele mbele ya madereva wa Kilwa sasa alikuwa anaomba maji kwa sauti ya mtoto, na Paluku anamshikia bilauri mpaka mdomoni. Nikimwambia alale kifudifudi ili goti na nyonga vinyooke, alikuwa ananitazama kana kwamba nimemtukana.

"Weye haukuzaaka?" aliniuliza siku moja.

"Nilizaa. Na bote balianguka kwanza, njo bakatembea."

Akafumba macho. 

Halafu vidole vikaanza kumwasha, vidole vya mguu ambao haupo. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, mtalikuta, na kama hamkumwambia mgonjwa mapema atadhani anarukwa na akili. Mimi nilikuwa nimemwambia. Paluku alimwambia kitu kingine, akaleta mchungaji, na mchungaji akaeleza kwamba vidole vimeshikwa mahali pa giza na mfanyabiashara mwenye wivu.

"Mchungaji," nikasema, "kama unajua kwenye biko, uende ubilete. Tuko nabyo kazi."

Alikusanya koti lake akaenda.

Nikachukua kitambaa laini. Nikamweleza Mama Masika kwamba kichwa chake bado hakijapata habari ya mguu, kinaita, hakijibiwi, kinaita tena. Kazi yetu ni kukifundisha mwisho mpya wa mwili uko wapi: kusugua kisiki kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo la kukwaruza, kukigonga kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Nikampa kitambaa mkononi mwake. Alikuwa hajakiangalia kisiki hata mara moja tangu akatwe. Alikiangalia. Akakigusa. Akalia kilio kisichokuwa na sauti, mabega tu yanatikisika.

Roho yangu ilipasuka, niwaambie ukweli. Lakini sikumchukulia kitambaa. Nilisimama pale mpaka akamaliza kusugua. Alphonsine angekuwa amemkumbatia, na wangelia wawili, na kazi ingebaki palepale.

Pamoja na hayo, goti lilianza kukaza. Asubuhi moja Papa Mwansa alipitisha kiganja chake kati ya goti na godoro, kikapita bila kugusa kitu. "Leo kiganja inapita," akasema. "Tukingoya kidogo kichwa itapita." Kesho yake alinipita koridoni kama mlango. Nikapekua kitanda, mto sikuuona. Nikauliza, kila mtu akaapa hakuna mto.

Siku hizo ndipo akaja Kasongo, mmoja wa madereva. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Nilikuwa kitanda cha pili nafunga kidonda cha mtu mwingine, kwa hiyo nilisikia yote. Kasongo hakumwambia Mama Masika. Alimwambia Paluku, aliyekuwa upande wa pili, maneno yakapita juu ya kitanda kama yanapita juu ya meza.

"Patron, gari iko tayari. Tunaenda Kilwa ao tunangoya mvua iishe?"

Mama Masika akafungua mdomo. Paluku akamwekea mkono begani. "Hapana, yaya, usichoke. Kasongo, zile gari natafuta muntu wa kuuzishia. Mambo ya Kilwa imeisha. Yaya ataikala ku nyumba, tutamulinda muzuri, atakosa kintu hapana."

Alisema huku machozi yanamlenga, na ninayaamini machozi yake. Kwa muda mrefu nilidhani anayatamani yale malori. Hapana. Aliogopa tu, alitaka dada yake awe mahali ambapo hawezi kuanguka tena. Ningependa zaidi angekuwa mwizi. Mwizi unamfukuza. Mtu mwema anarudi kila asubuhi na supu.

Ningeweza kusema neno, na mnanijua sasa, maneno sikosi. Lakini kinywa kilichotakiwa kusema hakikuwa changu.

Mama Masika akaingiza mkono chini ya blanketi, akautoa mto mwingine wa zambarau. Kumbe alikuwa anauficha ubavuni nikipita na anaurudisha nikiondoka. Akautupa kwa nguvu zake zote, ukampata Paluku usoni, vishada vikamchapa masikioni.

"Banakata muguu," akasema. "Kinywa habakukata."

Sauti hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Kasongo alikuwa anaijua. Alinyooka kama askari.

"Kasongo! Unaangalia nani? Niangalie miye. Mvua ni mvua, haitaisha juu yako. Samaki inaoza kule na mweye munafuta vioo. Muende kesho. Mubebe minyororo ya mipira ya gari. Na kama mutaleta samaki ya kuvunjika-vunjika, nitaiyona, macho nayo habakukata."

"Ndiyo, mama."

"Paluku, magari haiuzwe." Akanigeukia. "Na weye, unasimama unaangalia nini? Nigeuze kwa tumbo."

"Ujigeuze," nikamjibu.

Akajigeuza. Alinitukana kwa Kinande, lugha ya kwao, mwanzo mpaka mwisho, mababu zangu wote walitajwa nadhani, lakini alijigeuza mwenyewe, akalala kifudifudi, uso ndani ya shuka, anahema. Nikatoka nje kidogo. Nilikuwa na jambo machoni.

Baada ya hapo ndipo kazi ilianza, na ilikuwa chungu kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Alisukuma nyuma ya goti ikandamize godoro, akashikilia, akaachia, akasukuma tena. Wakati wa chakula alisukuma. Wageni wakija alisukuma huku anawasalimu. Alijifunza kufunga kisiki chake mwenyewe, bendeji inapita mshazari, inakaza kwenye ncha na inalegea inavyopanda juu, ili kisiki kiwe na umbo la kuingia katika mguu wa bandia. Bendeji zenu nilizoziona juzi zimezungushwa duara moja kwa moja, juu zinakaba, chini pamevimba kama kitunguu. Ninyi mnafunga zawadi za harusi. Mama Masika alikuwa na mikono ya kufunga magunia; alinipita mimi.

Halafu akaanguka. Alikuwa na magongo, koridoni palikuwa pamepigwa deki, gongo likateleza, akaenda chini na kishindo. Watu wakapiga kelele. Paluku akaja mbio, mikono mbele. Nikaweka gongo jingine nililolikuta ukutani mbele ya kifua chake.

Nikapiga magoti. Kisiki kizima, nyonga nzima, shingo nzima, anajua jina lake na anajua langu kwa matusi. Nikasimama, nikarudi nyuma.

"Uko unangoya nini?" akaniuliza kutoka sakafuni. "Unisimamishe!"

Nikamwonyesha benchi la ukutani. "Geuka upande. Ukae. Sasa urudi nyuma kwa matako mpaka ku banki. Ndiyo. Mikono juu ya banki, muguu ile nyingine chini yako, usukume."

"Shetani!" akalia mwanamke mmoja pale mlangoni. "Anamuacha chini sawa imbwa!"

Mama Masika alisukuma, akarudi chini, akasukuma. Ilikuwa taabu kuangalia. Paluku alifunika uso. Safari iliyofuata matako yake yalifika juu ya benchi, akakaa, kitambaa cha kichwa kimeanguka, kikwembe kiunoni kimefunguka, jasho linatiririka. Akamtazama yule mwanamke wa mlangoni. "Weye," akasema, "niokotee kitambaa yangu, halafu uende."

Asubuhi msimamizi wetu aliniita ofisini. Familia ilikuwa imeshtaki. Aliniuliza kama ni kweli nilimwacha mgonjwa chini mbele ya watu. Nikasema ni kweli. Nikamweleza kwamba kule Golf sakafu yote ni vigae vya kuteleza, na mimi sitakuwepo. Alinisikiliza, akanipa onyo pamoja na hayo, na nafikiri hata leo angenipa tena. Sikulia. Nililia nyumbani.

Goti halikunyooka lote. Msinitazame hivyo, hizi si hadithi za kanisani. Ile mito ilikula kitu ambacho hakikurudi, na mafundi wa miguu ya bandia walilazimika kuutengeneza mguu wake kwa kuufuatisha ule mkunjo. Anatembea ameinama upande mmoja, na akichoka anauma meno. Mito isingekuwepo, angetembea vizuri zaidi. Hilo Paluku nilimwambia wazi, siku mimi na Papa Mwansa tulipokwenda Golf kuitazama nyumba kabla hajaruhusiwa. Alikuwa ametayarisha chumba cha chini, kitanda kikubwa, kigari, na kengele ya kumwita mtumishi. Tulitoa mazulia yote, tukaweka kiti cha plastiki bafuni na vyuma vya kushika karibu na choo. Paluku alinisikiliza mpaka mwisho. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Kisha akainuka akatusaidia kubeba mazulia. Kengele Mama Masika aliwapa watoto wachezee siku aliyorudi.

Najua mnachokipenda. Mnapenda mgonjwa akitoka awashike mikono, alie, mpige picha naye, muiweke kwenye simu, watu waandike kwamba ninyi ni malaika. Mimi pia nilikuwa na tamaa hiyo, nisijifanye. Kiangazi hiki nilikwenda Ruashi kununua samaki. Nilikuwa na habari kwamba ghala lile lingali lake, na nilijipamba kidogo, nikavaa kikwembe kizuri, nikaweka tabasamu tayari usoni tangu kwenye kituo cha basi.

Lori lilikuwa linashushwa. Vumbi, wanaume wenye magunia mabegani, wanunuzi wanasukumana, harufu ya samaki imejaa mpaka barabarani. Mama Masika alitoka katikati ya magunia na mwendo wake ule wa kuinama, kalamu sikioni, anamgombeza Kasongo kuhusu gunia lililolowa. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nimesimama na tabasamu langu. Alinitazama usoni, na hakunikumbuka hata kidogo.

"Weye mama," akasema, "toka mu njia, bantu banabeba mizigo!"

Nikatoka njiani.